Gurudumu Lililozunguka Kinyume

Ninyi mnaokaa dawati la mwisho mkiomba mwalimu asiite jina lenu, leo nawaandikia ninyi. Wale wa mbele watanivumilia. Mimi pia nilikaa nyuma, karibu na dirisha, na hata sasa nikiota ndoto za shule naliota dirisha lile, na vumbi jekundu la Lubumbashi likielea kwenye mwanga wa asubuhi, polepole, bila haraka ya kufika chini.

Kurasa hizi nimeziandika kwa siku nyingi. Binti yangu amepanga upya herufi zilizokaa vibaya, ila maneno ni yangu. Naandika kwa sababu ya mjukuu wangu Feza, mwenye miaka kumi na mmoja. Mwezi uliopita aliitwa kusoma kwa sauti darasani, wenzake wakacheka. Akarudi nyumbani, akavua yunifomu, akaikunja vizuri, akaniwekea mapajani.

"Kambo," akasema, maana ndivyo wajukuu wa hapa wanavyomwita babu, "mi sitarudia tena kule. Banasema niko na kichwa nguvu."

Nikamwambia huyo aliyeitwa kichwa kigumu akae. Nilitafuta shauri la kiutu uzima, likakataa kuja. Basi nikamsimulia habari ya gurudumu, na sasa nawasimulia ninyi.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza modeli katika karakana ya kuyeyusha shaba. Kabla shaba haijamiminwa, lazima mtu akichonge kwanza kile kitu kwa mbao. Kama ni gurudumu la pampu, anachonga gurudumu la mbao lenye mabawa yake yote. Mbao hiyo inazikwa kwenye mchanga mnyevu ndani ya sanduku, mchanga unashindiliwa, kisha mbao inatolewa taratibu, na pale ilipokuwa imelala linabaki shimo lenye sura yake. Ndani ya shimo hilo ndimo shaba ya moto inamwagwa. Kwa hiyo mtengeneza modeli anafanya kazi na vitu ambavyo bado havipo. Kwenye mchanga kulia kunakuwa kushoto, na mwinuko unakuwa bonde.

Wengi kazi hii iliwaumiza kichwa. Mimi ilinipumzisha. Nikifumba macho, kitu kinakuja chenyewe, kinazunguka mbele yangu hewani, nakiona nyuma yake, chini yake, ndani yake. Asubuhi za mwezi wa sita, baridi inapouma na moshi wa makaa umelala juu ya mapaa, nilikuwa nikitembea kwenda kazini huku vali nzima inazunguka kichwani mwangu, na mara mbili nilipita lango la karakana bila kuliona. Mlinzi alizoea kuniita: "Ee, kazi iko huku!"

Lakini ukinipa karatasi yenye mistari kumi ya maneno, hapo mambo yaliharibika. Herufi b na d kwangu zilikuwa modeli moja iliyogeuzwa, na macho yangu yalizigeuza yapendavyo. Mstari niliousoma ulihama, nikaurudia, nikajikuta kwenye mwingine. Walimu waliita jambo hilo uvivu. Nilikubali, kwa kuwa sikuwa na neno lingine. Nilikuwa nimeshastaafu pale binti yangu, ambaye ni mwalimu, aliporudi kutoka mafunzoni akaniambia kwamba jambo hilo lina jina, linaitwa disleksia, na kwamba si uvivu wala ujinga, ni namna tu ubongo wa mtu unavyoyapokea maandishi. Niliingia chumbani nikalia. Nilikuwa namlilia yule mtoto wa karibu na dirisha, ambaye hakuna aliyemwambia.

Mtoto huyo alikuwa mjanja, hilo nalisema. Imla tuliandika kila Ijumaa, na kila Ijumaa nilifika na kidole gumba kimefungwa kitambaa. Mwalimu wetu alikuwa mtu mkali ila mcheshi, akavumilia wiki sita. Wiki ya saba akakiinua kidole changu juu, darasa zima lione.

"Muangalie ile kidole," akasema. "Kila Vendredi iko mugonjwa. Samedi inapona, iko gardien de but!"

Kweli, Jumamosi mimi ndiye niliyekuwa golikipa wa mtaa mzima. Nilicheka pamoja na wenzangu, maana nani angekataa utani kama huo? Siku ile niliandika imla, nikapata sifuri, na darasa lile nikalirudia mara mbili.

Aliyeniokoa ni dada yangu mkubwa, Yaya Agnes. Jioni akitwanga sombe, majani ya muhogo, alikiweka kitabu changu juu ya ndoo iliyopinduliwa na kunisomea masomo kwa sauti, akifuata mdundo wa mchi, nami niliyashika kwa masikio. Mpaka leo kanuni za jiometri zikinijia zinakuja na kinu chake. Ndivyo nilivyomaliza shule ya ufundi, kwa macho ya Yaya na masikio yangu, na kwa wema wa mwalimu mmoja wa karakana aliyeniruhusu kujibu mtihani kwa mdomo huku nikichora ubaoni. Vijana, kuomba kusomewa si aibu. Mimi niliona aibu, na aibu ilinipotezea miaka mingi kuliko herufi.

Nilipoajiriwa, na diploma yangu mpya kwenye bahasha, walinikabidhi kwa Fundi Ramazani. Alikuwa mzee wa Kiislamu, wazazi wake walitoka Maniema, na kofia yake nyeupe haikushika vumbi hata katika chumba cha randa, sijui alifanyaje. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza alinifundisha mchanga. Ukamate kiganjani, ubane, ufungue mkono, kisha uvunje lile donge katikati. Likivunjika safi, kama mkate uliolala, mchanga uko tayari. Likimomonyoka, ongeza maji. Likiacha unyevu kiganjani, ngoja, maana maji hayo yatageuka mvuke na mvuke utakutobolea kazi.

"Mukono inajuaka mbele ya kichwa," aliniambia. "Kichwa inakuya nyuma, inasema njo miye nilifanya." Njo miye, yaani ndiyo mimi.

Alinipa pia rula ya uongo. Shaba ikipoa husinyaa, kwa hiyo modeli hutengenezwa kubwa kidogo, na sisi tulikuwa na rula yetu ambayo sentimita zake ni ndefu kuliko za watu wengine. Wakati namchumbia Georgette, baba yake alihitaji mlango, nami kwa kutaka sifa nikasema nitautengeneza. Nikapima uwazi kwa mita ya kawaida, nikakata mbao kwa rula ya karakana. Siku ya kuupachika, mbele ya mashangazi wote, mlango ukazidi kwa vidole viwili. Baba mkwe aliuzunguka, akaugonga hapa na pale.

"Mulango iko muzuri," akasema. "Sasa tutafute nyumba yake."

Nilipiga randa mpaka jua likazama. Georgette nilimpata, lakini kwa mlango ule walinitania hadi siku ya kumzika mzee.

Sasa gurudumu. Karakana ilikuwa na desturi. Ukifika mchoro wa kazi, ambao sote tuliuita plan, watu wawili wanausoma, fundi na msaidizi wake. Kisha kila mmoja anaandika chini yake kwa Kifaransa lu et approuvé, yaani nimesoma na nimekubali, na kutia sahihi. Fundi Ramazani alivaa miwani, akautazama mchoro kwa muda, akaguna, akanisogezea. Mimi niliutazama kwa muda uleule, nikaguna vilevile. Maneno yale matatu sikuwa nayaandika, nilikuwa nayachora, kama mtu anavyochora ua. Miaka minane tuliishi hivyo kwa amani. Picha yenyewe niliielewa bila maneno, na kama kulikuwa na maneno ya maana, nilijiambia, Fundi ameshayaona.

Siku moja lori lilileta gurudumu la pampu lililovunjika vipande viwili, kutoka mgodi mmoja upande wa barabara ya Kasumbalesa. Lilikuja na mchoro wa zamani, na pembeni mwa mchoro palikuwa na mistari minne iliyopigwa kwa mashine. Tukaguna, tukasaini. Kisha nikaanza kuliota. Lilinijia njiani, lilinijia kanisani, mabawa yake sita yamepinda na kufuatana, yakizunguka bila sauti. Nilichonga kila bawa mpaka kiganja changu hakikuona tena kona. Shaba ilipotoka mchangani na kusafishwa, iling'aa rangi ya asali, na wayeyushaji waliacha kazi zao waje kuitazama. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri zaidi.

Wiki iliyofuata gurudumu lilirudi juu ya lori lilelile. Chef Kasongo, mkuu wa karakana, alituita sote wawili, akashika mchoro na kutusomea ile mistari minne. Ilisema kwamba mgodi umenunua mota mpya inayozunguka kinyume cha ile ya zamani, kwa hiyo gurudumu litengenezwe vilevile, ila mabawa yapinde upande wa pili. Walikuwa wamelifunga kwenye pampu, likatetemesha mabomba yote, maji yakapanda kidogo yakarudi chini. Mimi ndiyo kwanza nayasikia maneno yale.

"Nani alisoma?" Chef akauliza.

Nilifungua mdomo. Fundi akanitangulia.

"Njo miye, Chef. Mi nilisoma, kisha nikasahau."

Ilikuwa Ijumaa. Chef akasema Jumatatu Fundi aje ofisini kuchukua barua ya kuachishwa kazi. Mzee alikuwa amebakiza miezi minne tu astaafu. Aliyestaafu aliachiwa nyumba ya kampuni, aliyeachishwa kwa kosa aliirudisha, na katika nyumba ile ndimo walimozaliwa watoto wake saba, ndimo mke wake alimofia. Nami nilisimama pale na diploma yangu, sikusema kitu. Nilijiambia kwamba nikisema wataniuliza hiyo diploma niliipataje, na watoto wangu watakula nini. Ukweli ni kwamba niliogopa, basi.

Jumapili baada ya misa nilimwambia Georgette yote, kuanzia kidole cha Ijumaa. Alikuwa anamenya viazi vitamu, hakuinua hata kichwa.

"Mi najua tangu ndoa," akasema. "Kila barua unaniletea, unasema mwangaza iko mubaya. Saa sita ya muchana!" Kisha akaweka kisu chini. "Lakini ule muzee hajue. Enda umuambie."

Nilikwenda kwa miguu. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, udongo unanukia, na watoto walikuwa wakikimbiza kumbikumbi kando ya kichuguu kilichopita urefu wa nyumba. Kila kitu kilionekana chepesi na cha mbali, kana kwamba nimelala. Nilimkuta Fundi barazani, msahafu wazi mbele yake, kidole kikitembea polepole juu ya mstari.

"Fundi," nikasema hata kabla ya salamu, "ile plan mi sikuisoma. Sijue kusoma muzuri. Lettres inatembeaka mu macho yangu. Kesho nitamuambia Chef."

Alinitazama. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, akacheka mpaka akavua miwani.

"Weye? Weye mwenye diplome? Na miye nilikuwa natumaini macho yako!" Akapitisha kidole juu ya msahafu, kutoka kulia kwenda kushoto. "Miye najua kusoma ya kutoka huku. Ile ya kutoka kule, hakuna muntu alinifundisha. Miaka makumi tatu naweka miwani, naguna."

Kumbe miaka minane kila mmoja wetu alikuwa anamgunia mwenzake. Nikamuuliza kwa nini basi alijitwika kosa peke yake.

"Miye nimebakia na miezi ine," akasema. "Weye umebakia na maisha."

Hapo nililia, wala sioni haya kuliandika.

Jumatatu tuliingia ofisini wawili. Chef alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akanisukumia ule mchoro. "Soma," akasema. Mistari minne, vijana. Nilifunika ya chini kwa mkono, nikasoma neno moja, nikapumua, nikasoma la pili. Nje mashine zilinyamaza kwa mapumziko, mapumziko yakaisha, zikaanza tena. Jasho lilidondoka juu ya karatasi. Chef hakunisaidia wala hakunicheka. Nilipomaliza alisimama mlangoni na kuiuliza karakana nzima ni nani mwingine huwa anasaini bila kusoma.

Fundi Ramazani akainua mkono wake, mbele ya watu aliowafundisha kazi. Kisha akainua myeyushaji mmoja. Kisha wengine watatu.

Chef akasema Fundi atabaki hadi siku yake. Mimi nikapewa barua ya onyo, na chini yake nilitakiwa niandike yale maneno matatu na kusaini. Nikashika kalamu, kisha nikaiweka mezani.

"Chef, ngoya," nikasema. "Nisome kwanza."

Ndipo alipocheka.

Lile gurudumu lilikuwa lirudishwe motoni. Fundi akaomba liachwe, litundikwe kwa waya kwenye boriti, maana shaba nzuri ina sauti. Kweli, ukiligonga kwa nyundo ya mbao lililia muda mrefu, sauti laini iliyokwenda hadi uani na kukaa huko. Likawa kengele yetu. Kila asubuhi liligongwa, kazi zikasimama, na mtu mmoja akasoma plan ya siku kwa sauti, kila mtu kwa zamu yake. Aliyecheka alifagia mchanga wiki nzima. Chef mwenyewe alifagia mara moja.

Wakati wa mapumziko, mimi na Fundi tulichonga herufi kwa vipande vya mbao vilivyobaki. Tulizikandamiza mchangani, kisha tukazipitia kwa kidole huku tumefumba macho. Tumbo la b liko upande gani, macho yangu yanaweza kubishana hata leo, lakini kidole hakijakosea tena. Alinitengenezea pia kibao chembamba chenye uwazi wa mstari mmoja. Ukikiweka juu ya ukurasa unauona mstari ule tu, mingine yote inalala. Ninacho hadi leo. Siku yake ya mwisho kazini ikaangukia zamu yake. Alisoma plan ya kifuniko cha pampu, mistari miwili, kutoka kushoto kwenda kulia, na alipomaliza akauliza, "Mulisikia?" Tulipiga makofi mpaka masizi yakaanguka kutoka darini.

Baadaye nilifanywa mkuu wa chumba cha modeli, na jioni nikafundisha katika shule ya ufundi, mimi wa kidole cha Ijumaa. Sikupona. Nasoma taratibu, na nikichoka herufi zinaanza safari zake. Siku hizi vijana wanachora kwenye kompyuta, mashine inachonga yenyewe, na simu inaweza kukusomea ukurasa mzima kwa sauti. Itumieni, msione haya. Ila mchanga bado unabanwa kwa mkono.

Nilipostaafu walinipa gurudumu. Limetundikwa barazani kwangu, na Feza amelijua tangu utotoni kama kitu cha kuning'inia tu. Siku ile ya yunifomu, nilipomaliza kumsimulia, alisimama akalisogelea. Aliweka kidole kwenye bawa moja, akalifuata lote hadi mwisho, akaingia ndani. Yunifomu ilikaa juu ya kiti siku tatu. Hakuna aliyeigusa.

Siku ya nne asubuhi nilikuwa bado kitandani, katikati ya usingizi na kuamka, nikaisikia ile sauti. Nilidhani naota karakana. Niliona mwanga ukipenya kwenye moshi, Fundi na kofia yake nyeupe, watu wakikusanyika, na mimi nimechelewa. Kisha ikalia tena. Nikatoka nje na blanketi mabegani.

Feza alikuwa amesimama chini ya gurudumu, amevaa yunifomu, kitabu mkononi, kibao changu chembamba juu ya ukurasa. Watoto wa jirani waliokuwa wakienda kuchota maji walikuwa wamesimama kwenye uzio na madumu yao, waone kuna nini.

"Kambo, ikala," akaniambia.

Nikakaa. Akawageukia wale wa kwenye uzio.

"Mwenye atacheka, atafagia."

Hakuna aliyecheka. Gurudumu lilikuwa bado linalia kidogo. Feza akangoja linyamaze, akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akasoma.